Kodi moja itoke programu ya wavuti na ya kompyuta, nianzie wapi?

Muuliza swali:
Wakuu habari zenu. Nina programu ya stoo nimeiandika kwa React (maktaba ya JavaScript ya kutengeneza skrini), kwenye brauza iko poa, sasa watumiaji wanataka kuiinstoli kwenye kompyuta ifanye kazi hata intaneti ikikatika na isome faili zao moja kwa moja. Sitaki kodi mbili maana kila kitu nitakuwa narekebisha mara mbili. Kati ya zana hizi za kutengeneza programu za kompyuta nichukue ipi: Electron, Tauri au Flutter?

Jibu:
Mkuu kama tayari una React achana na Flutter, sio mbaya ila utaandika upya karibu kila kitu kwa lugha yake ya Dart. Electron ndio njia fupi, inabeba Chromium (brauza iliyo msingi wa Chrome) na Node.js (inayoendesha JavaScript nje ya brauza) ndani yake kwa hiyo unachokiona kwenye Chrome ndicho utakachokiona Windows, Mac na Linux. VS Code, ile programu ya kuandikia kodi, imejengwa hivyo hivyo. Ubaya ni uzito, hata kaprogramu kadogo kanazidi MB 100 na RAM inaliwa kweli.

Jibu:
Tauri ni nyepesi sana kwa sababu inatumia injini ya wavuti ya mfumo wenyewe. Ila Windows utapata WebView2 ambayo ni Chromium, Mac na Linux ni WebKit (injini ya aina ya Safari), kwa hiyo lazima ujaribu kote, kisanduku cha tarehe tu kinaweza kuonekana tofauti.

Jibu:
Mi naona kabla ya yote hayo pitia kodi yako utoe kila sehemu inayogusa faili, data na printa. Weka fanksheni moja, tuseme hifadhiBidhaa(), kwenye brauza iandike IndexedDB (hifadhidata ya ndani ya brauza), kwenye kompyuta iandike SQLite (hifadhidata inayokaa kwenye faili), na skrini isijue kabisa data inaenda wapi. Kama localStorage (hifadhi ndogo ya brauza) imetapakaa kila komponenti, yaani kila kipande cha skrini, hakuna Electron wala Tauri itakayokusaidia. Na kama shida ni intaneti tu, jaribu PWA (programu ya wavuti inayoinstolika na kufanya kazi bila intaneti) kwanza, ingawa kufungua folda ya mtumiaji Chrome na Edge zinakubali, Firefox na Safari bado.

Muuliza swali:
Asante sana mkuu. Sasa mashine mbili zikiuza bidhaa ileile bila intaneti, zikirudi hewani inakuwaje?

Jibu:
Usitume salio, tuma tukio. "Zimetoka 3", "zimeingia 10", kila tukio na UUID yake (kitambulisho kisichojirudia), halafu seva ndiyo ijumlishe. Hata likitumwa mara mbili seva inaona ID ishakuwepo inaliruka.