Binamu anatoka Ohio Disemba: nimwambie alete santuri za chapa gani za country na folk?

Section58, Nakuru

Wakubwa salamu. Nina swali refu kidogo mnivumilie. Huku kwetu country si muziki wa kuuliza ulitoka wapi, wikendi ukipita nje ya baa yoyote utaskia Don Williams ama Kenny Rogers na kuna mzee ndani anaimba kila neno. Mimi nilianzia hapo kama kila mtu lakini siku hizi nimeingia kwa ile country ya pembeni, ile imechanganywa na rock na folk, Gram Parsons, Neil Young wa miaka ya 70, Cowboy Junkies, Gillian Welch, hao hao.

Sasa binamu yangu anakuja Disemba kutoka Ohio na amesema kwa begi nitapata nafasi ya santuri mbili ama tatu, zaidi ya hapo nilipie kilo mwenyewe. Nimeingia mtandaoni kuangalia na nimechanganyikiwa kabisa. Album moja iko na chapa tano!! Kuna ya kawaida, kuna ya gramu 180, kuna ya gramu 200, kuna ya spidi ya 45 imegawanywa sahani mbili, halafu kuna ingine inakuja kwa sanduku na bei yake ni rent yangu. The Trinity Session ya Cowboy Junkies, chapa ya Analogue Productions, nikipiga hesabu ni kama elfu nane za Kenya. Elfu nane jameni, na hiyo album naiskiza kwa simu nikiwa kwa matatu.

Sasa nauliza, hizi chapa za watu wa sauti safi zinaskika tofauti kweli ama tunauziwa uzito? Na kama ni mbili tu nichukue gani? Ingine, binamu anataka kuniachia pleya yake ya belti ya zamani, alinunua huko huko, anasema nikishapata transfoma mambo ni sawa. Ni sawa?

LP_na_Chai, Kisumu

Gramu achana nazo. Santuri nzito inakaa vizuri mkononi lakini uzito hauongezi chochote kwa ile mifereji sindano inapitia. Chenye unafaa kuuliza ni sauti ilitolewa wapi, nani aliichonga (yaani alikata ile mifereji), na ilipigwa chapa kiwanda gani. Ukishajua hayo hata ikiwa gramu 140 lala usingizi.

Chukua hiyo Trinity Session. Nyimbo nyingi zilirekodiwa siku moja, 27 Novemba 1987, ndani ya Church of the Holy Trinity pale Toronto, maiki ni moja tu, Calrec Ambisonic, bendi imekaa kuizunguka. Kanisa lilikuwa limeambiwa ni Timmins Family Singers wanarekodi kipindi cha redio cha Krismasi, hehe. Sasa utamu uko hapa: ilirekodiwa kwa dijitali tangu mwanzo, hakuna tepu ya analogi ya kurudia. Kwa hivyo mtu akikuuzia hiyo album kwa hadithi za "analogi tupu" jua anakuzungusha.

Lakini bado ningeilipia. Analogue Productions wako na kiwanda cha nyumbani, Quality Record Pressings, kiko Salina, Kansas, na hiyo album ni ukimya mwingi, yaani unaskia ukubwa wa kanisa kabla mwimbaji wao Margo Timmins hajafungua mdomo. Santuri ikiwa na chembechembe utazihesabu zote. Album ya rock yenye gitaa nne zinapiga kelele hata hautajua, lakini folk ya namna hii chapa mbaya inaiua kabisa.

Kama ni moja tu basi chukua The Harrow & The Harvest ya Gillian Welch. Ilitoka 2011 lakini santuri ilikuja 2017, kwa sababu yeye na mwenzake wa gitaa David Rawlings hawakutaka kupeleka kazi yao kuchongwa ovyo, wakanunua mashine ya kuchonga yao wenyewe, wakachonga moja kwa moja kutoka kwa tepu ya analogi, chapa ikapigwa hapo hapo Salina. Watu wawili na vyombo vya nyuzi, basi, hakuna ngoma ya kufichia makosa. Kidole kikisugua waya unaskia.

Harvest ya Neil Young usipoteze nafasi ya begi na toleo la bei ghali. Ile iliyochongwa na Chris Bellman mwaka wa 2009 ni nzuri na si ya kutafutwa na tochi. Angalia ile sehemu laini karibu na lebo, mainjinia hukwaruza herufi zao hapo, Bellman ni CB, Kevin Gray ni KPG. Ukizoea kusoma hapo hutasumbuliwa tena na stika ya dhahabu iko kwa jalada.

NjoroLine

Mimi nawaskiza tu. Baba yangu alijulia country kwa Sundowner ya KBC, redio ya betri, spika moja imepasuka, na Jim Reeves bado alimfanya anyamaze. Nyinyi mnataka kuskia kidole kikisugua waya 😂

Na si hawa watu wa chapa za ghali ndio walishikwa 2022? Ile kampuni ilikuwa inaandika masta ya asili (ile tepu ya kwanza) hivi, masta ya asili vile, kumbe kuna kompyuta katikati. Watu walilipa mamia ya dola na masikio yao eti ya dhahabu hayakugundua kitu.

LP_na_Chai, Kisumu

NjoroLine unaongelea MoFi, yaani Mobile Fidelity, na uko sawa. Julai 2022 mwenye duka moja la santuri kule Phoenix alitoa video akasema wanapitisha sauti kwa dijitali kabla ya kuchonga, akaenda mpaka kwao, mainjinia wakakubali. Kilichofanya watu waanze kuuliza ni pale walitangaza kopi 40,000 za album moja kubwa ya pop kwa njia ile ya One-Step, na hiyo njia inakula lakeri nyingi (zile sahani laini zinachongwa kwanza), sasa ukipiga hesabu tepu ya masta ingechezwa mara ngapi kama kila kitu ni analogi? Haiwezekani. Kesi ikafunguliwa, ikaishia kwa makubaliano ya karibu dola milioni 25.

Lakini mimi funzo nililochukua si lako. Zile santuri zilikuwa zinasifiwa mpaka siku moja kabla ya hiyo video. Hiyo inaonyesha dijitali ikifanywa vizuri haina ubaya. Ubaya ulikuwa kuficha. Wakiniandikia wazi imetoka wapi nitaamua mwenyewe kama nalipa.

fundi_kibuye, Kisumu

Nimesoma kote nikashangaa hakuna mtu amegusa pleya, na hapo ndipo pesa inamwagika.

Section58 mwambie binamu transfoma inabadilisha volti, 240 inakuwa 120. Hezi, yaani mara stima inageuka kwa sekunde, haiguswi. Stima yetu ni 50Hz, yao ni 60Hz. Pleya nyingi za belti za zamani ziko na mota ya AC yenye inafuata hezi za stima, si volti, kwa hivyo ukiichomeka huku itazunguka polepole, mizunguko 33 kwa dakika inakuwa karibu 28. Emmylou Harris ataimba kama mjomba wake. Watu wananiletea hizo pleya wakisema belti imelegea, wanabadilisha belti, bado, wanabadilisha mafuta, bado, na mashine haina shida yoyote, ni ya nchi ingine tu.

Dawa ziko. Ya kwanza ni puli, ile kigurudumu kidogo juu ya mota chenye kinashika belti. Ya 50Hz inafaa kuwa nene kuliko ya 60Hz kwa asilimia 20. Kampuni nyingi zilikuwa zinatengeneza zote mbili, ukitafuta kwa modeli unaweza pata. Fundi wa kukereza vyuma pia anaweza kukutolea lakini awe na mkono, maana isipokuwa duara kamili hata kwa kiasi cha unywele sauti itakuwa inayumba, na piano ndio itakuambia kwanza. Dawa ya pili ni kikasha kinachotoa 60Hz yake chenyewe, kizuri lakini bei si ya mchezo. Kama mota ni ya DC hapo hauna shida, tafuta adapta yenye volti sawa uendelee na maisha.

Kabla hajapakia chochote mwambie apige picha kile kibandiko kiko kwa mota ama chini ya pleya.

Halafu sindano. Usiweke santuri ya elfu nane chini ya sindano umeikuta kwa pleya ya mtu na hujui imekaa miaka mingapi. Nunua mpya. Audio-Technica VM95E si ghali, inakaliwa na uzito wa gramu 2, pata ile mizani ndogo ya kupimia sindano upime, usikisie. Na zile pleya za mkoba zinauzwa kwa maduka ya zawadi, kama unayo, iwache ikae hivyo na maua juu.

OmwanaWaKisa, Kakamega

Nimekuja kuchokoza kidogo. Mnatafuta folk ya gitaa mbili mpaka Nashville na iko hapa nyuma ya nyumba. Omutibo, mtindo wetu wa gitaa! George Mukabi, mtu wa Kisa, kidole gumba kinatembea na besi, kidole cha shahada kinapiga nyimbo, mwenzake anagonga chupa ya Fanta. Alikufa 1963 na mpaka leo wapiga gitaa wa huku wanamfuata. Olvido Records walimtolea LP, Furaha Wenye Gita, na Mmarekani anaweza kuipata kirahisi kuliko mimi niko Kakamega, hiyo ndiyo inaniuma. Kwaruzo za santuri za zamani utaziskia, hakuna mtu ametia sabuni pale. Ni sawa tu.

Na kama ni country, Hugh Tracey, yule wa kurekodi muziki wa Afrika, alipita Kapkatet 1950 akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimbia Jimmie Rodgers, mwimbaji wa country. Mtu wa Mississippi, amekufa 1933, anaimbwa Kericho kwa sababu gramafoni ilifika. Kwa hivyo NjoroLine si baba yako wa kwanza.

NjoroLine

Hii ya Kapkatet sikuwa najua. Haya nimekaa chini.

Section58, Nakuru

Asanteni sana, mmenifungua macho. Sanduku la bei ya rent nimetupa. Nimemwambia binamu Harrow & The Harvest na Trinity Session, na ya tatu itakuwa Mukabi, maana kusema ukweli nimeona aibu kidogo nikisoma OmwanaWaKisa. LP_na_Chai kuna yangu moja umeruka, Gilded Palace of Sin ya Flying Burrito Brothers, bendi ya Gram Parsons? Hiyo ndiyo naipenda kuliko zote na naona kuna chapa ya Intervention Records.

Na fundi nimepata picha ya kibandiko. Imeandikwa 120V, 60Hz, 4W, na chini AC SYNCHRONOUS MOTOR.

LP_na_Chai, Kisumu

Intervention ni watu wa maana, wanaandika wazi kila kitu na uchongaji waliupeleka kwa Kevin Gray. Kama unaipenda kuliko zote basi inunue siku ingine bila wasiwasi. Mimi sikuitaja kwa sababu ile album ya 1969 ilivyochanganywa ni ya ajabu ajabu, sauti ya Gram imesukumwa upande mmoja, ya Chris Hillman upande mwingine, na ile steel gitaa ya Sneaky Pete Kleinow inaunguruma kama pikipiki. Hakuna injinia ataondoa hiyo na hafai kuondoa. Lakini mtu akiwa na nafasi tatu tu za begi, ningempa ile yenye chapa nzuri inabadilisha kitu, na hiyo ni Gillian.

Vumbi pia usisahau, Nakuru ikianza kiangazi mnajua wenyewe. Brashi ya nyuzi za kaboni kabla ya kila upande, na bahasha za ndani za plastiki, zile za karatasi zinakwaruza.

fundi_kibuye, Kisumu

Hiyo ya kibandiko ndio ile niliogopa. AC, 60Hz, itakuwa 28 kama nilivyosema.

Fanya hivi. Mwambie atoe modeli kamili na atafute puli ya 50Hz huko huko kabla ya kusafiri, ni kitu kidogo kinaingia mfukoni. Akikosa, alete hivyo hivyo na puli yake isipotee, naihitaji kupima kipenyo ndio nitoe nyingine. Sahani nzito ya juu aitoe aifunge peke yake kwa nguo, na mkono wa sindano aufunge na kamba laini, wengi wanaacha ikining'inia na ikifika huku bearing imeenda. Katriji, kile kichwa kinabeba sindano, atoe kabisa.

Transfoma chukua ya wati 50 ama 100, hizo kubwa za friji hazina haja, mota inakula wati 4 tu. Ukishaweka puli, printi ile karatasi ya mistari ya kupimia spidi, ya 33 kwa 50Hz iko na mistari 180, ile ya 216 ni ya Marekani isikuchanganye. Iweke juu ya sahani chini ya balbu ya zamani ya waya, taa za LED nyingi hazitakuonyesha kitu. Mistari ikisimama spidi iko sawa. Ikitembea mbele ama nyuma nitumie video nione inatembea haraka kiasi gani, hapo nitajua nipunguze puli ama nitoe nyingine.