Homa ya uti wa mgongo yenye dalili za shinikizo kwenye ubongo: kipi kitangulie kabla ya rufaa?

Tabibu, Kongwa

Ndugu wataalamu, nawasalimu. Kituo chetu cha afya hakina mashine ya CT ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, hivyo mgonjwa mahututi hupewa rufaa ya Dodoma mjini. Naomba mwongozo kuhusu mtu mzima anayeletwa akiwa na homa, shingo iliyokakamaa, kutapika na usingizi mzito, ambaye mapigo ya moyo yanazidi kuwa ya polepole huku shinikizo la damu likipanda. Je, nitoe kwanza maji ya uti wa mgongo ili vijidudu vipate kutambuliwa, au nianze dawa nimsafirishe bila kipimo hicho?

Daktari wa dharura, Dodoma mjini

Usimchome sindano ya mgongo mgonjwa huyo. Mapigo ya polepole yanayoambatana na presha inayopanda yanaashiria kwamba ubongo umebanwa ndani ya fuvu, na ukiyatoa maji kwa chini unaweza kuusababisha ushuke na kubana sehemu inayoendesha upumuaji. Mboni zisizolingana, udhaifu wa upande mmoja wa mwili na degedege lililoanza karibuni nazo ni sababu za kuahirisha.

Dawa, kwa upande wake, haisubiri kipimo wala gari. Chukua damu ya kuotesha vijidudu kama chupa zipo, kisha mpe antibiotiki ya seftriaksoni gramu 2 kwenye mshipa ndani ya saa ya kwanza, na irudiwe kila baada ya saa 12. Angalia dripu iliyokwisha kutundikwa: seftriaksoni haichanganywi na dripu ya Ringer kwa sababu ya kalsiamu iliyomo, basi tumia chumvi ya asilimia 0.9. Pima sukari na malaria papo hapo, kwani malaria kali huweza kuleta picha ileile, na kipimo kikionyesha malaria mwanzishie artesuneti bila kuacha seftriaksoni.

Manitoli, dawa ya kupunguza shinikizo kwenye ubongo, ni gramu 0.25 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito, kwa dakika 15 hadi 20. Mtu wa kilo 60 akipewa nusu gramu kwa kilo anahitaji mililita 150 za dawa ya asilimia 20. Usimpe aliyeishiwa maji au ambaye presha imeshuka. Msimu wa baridi yetu ya Juni na Julai chupa huota chembe kama za chumvi. Ipashwe moto hadi ziyeyuke zote, iachwe ipoe, ndipo itumike.

Muuguzi, wodi ya wagonjwa mahututi

Naongeza kuhusu ulazaji, maana wengi wanaofika kwetu wamewekewa mito miwili chini ya kichwa, shingo imepinda na kidevu kimegusa kifua, hali inayozuia damu kutoka kichwani. Inueni kichwa cha kitanda digrii 30, shingo inyooke katikati, na kamba ya oksijeni isikaze shingoni. Kama ana mshtuko wa damu, yaani presha imeshuka mno, alazwe chali kwanza. Dripu ya sukari ya asilimia 5 isiwe ya kuendelea, kwa kuwa huzidisha uvimbe wa ubongo. Sukari hutolewa pale tu inapoonekana imeshuka.

Tabibu, Kongwa

Nashukuru sana. Na deksamethasoni, ile dawa ya kupunguza uvimbe?

Daktari wa dharura, Dodoma mjini

Ikitolewa, itangulie seftriaksoni au iende nayo pamoja, miligramu 0.15 kwa kilo kila saa 6. Binafsi siipi uzito mkubwa, kwa sababu tafiti za Malawi za 2002 kwa watoto na 2007 kwa watu wazima hazikuonyesha faida. Kipimo cha VVU ndicho kitakachokuongoza. Akiwa navyo, mpime pia kuvu wa kriptokoka kwenye damu. Ugonjwa huo ukithibitika, deksamethasoni huongeza madhara na manitoli haisaidii, bali shinikizo hupunguzwa kwa kutoa maji ya uti wa mgongo kila siku, baada ya picha ya kichwa kuonyesha kuwa ni salama. Kwa hiyo andika kwenye karatasi ya rufaa majibu ya vipimo hivyo, saa aliyopewa dozi ya kwanza, na ukubwa wa mboni alipoondoka.