Mjadala: Kwa nini kumcheka mnene kunavumilika, na kumcheka kipofu ni aibu?

Mfungua mada
Mwaka 2002 mwanasaikolojia Crandall na wenzake walichapisha zoezi walilolifanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani. Waliorodhesha makundi 105 ya watu. Fungu la kwanza la wanafunzi liliulizwa: je, inakubalika kulichukia kundi hili? Fungu la pili: wewe mwenyewe unalionaje? Majibu ya mafungu hayo yalifuatana kwa uwiano wa 0.96 (1 ni kufuatana kikamilifu), karibu sawasawa. Yaani watu huwachukia wale walioruhusiwa kuwachukia. Madereva walevi walikuwa juu kwenye orodha, vipofu na viziwi chini kabisa.

Ninachodai ni kwamba ruhusa hiyo hutokana na lawama. Tukishaamini kwamba mtu kajitakia, huruma huondoka. Ndiyo maana unene unachekwa hadharani. Anayepinga alete mfano.

Nukta
Mkuu, mifano ni miwili: lafudhi na uzee.

Mwaka 1999 watafiti Purnell, Idsardi na Baugh walichapisha jaribio ambalo mtu mmoja aliwapigia simu wenye nyumba za kupangisha kwa lafudhi tatu za Kiingereza cha Marekani. Maneno yaleyale, msemaji yuleyule. Kwenye mitaa ya Wazungu, lafudhi ya Wamarekani Weusi na ile ya wenye asili ya Mexico zilipata miadi michache zaidi ya kwenda kuiona nyumba. Nani amejitakia lafudhi ya mama yake? Uzee ndiyo kabisa, kila mwenye bahati ataufikia.

Mimi naona ubaguzi hudumu pale unapopata jina la heshima. Lafudhi ikikataliwa tunasema tunatafuta "mawasiliano mazuri". Mzee akiachwa, tunaleta "damu mpya". Mnene akisemwa, ni "ushauri wa afya". Halafu hiyo 0.96 usiibebe kama msahafu: orodha iliyochanganya wabakaji na viziwi ina ncha mbili zilizo mbali mno, na uwiano katika orodha ya namna hiyo lazima upande.

Mfungua mada
La ncha mbili nakupa. Lakini mwenye lafudhi naye hulaumiwa: "miaka yote hii, mbona hajajirekebisha?" Lawama si lazima iwe ya kweli, inatosha iaminike.

Bi Rula
Ndugu zangu, nyote mnabishania kinywa, yaani yasemwayo. Mkono je, yaani yatendwayo?

Mwanasosholojia LaPiere alizunguka Marekani na mume na mke Wachina miaka ya mwanzo ya 1930, wakati kuwakataa Wachina kulisemwa wazi bila haya. Katika hoteli na mikahawa 251 waliyoingia, walikataliwa mahali pamoja tu. Baadaye aliziandikia sehemu hizohizo kuuliza kama zingewapokea Wachina. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Sasa ruka hadi 2004: wanauchumi Bertrand na Mullainathan walichapisha jaribio ambalo walituma wasifu wa kazi karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago. Wenye majina yanayosikika ya Kizungu walipigiwa simu mara moja kwa kila wasifu 10 hivi, wenye majina yanayosikika ya Wamarekani Weusi mara moja kwa kila 15. Kufikia hapo ubaguzi wa rangi ulikuwa aibu kuutamka. Mdomo ulikuwa umefungwa, mkono ukaendelea.

Kwa hiyo mtu akitaka kujua chuki ipi imepungua na ipi imejificha tu, asiulize moja kwa moja. Kuna njia ya orodha. Gawa watu unaowahoji mafungu mawili kwa bahati nasibu. Nusu wape sentensi 4 zisizo na madhara, nusu nyingine zilezile 4 pamoja na ile nyeti. Waulize wanakubaliana na sentensi *ngapi*, wasitaje zipi. Tuseme wastani wa kwanza ni 2.0 na wa pili 2.3: takriban asilimia 30 wanaikubali sentensi nyeti, na hakuna aliyejulikana.

Inaharibika pale sentensi za kawaida zinapokuwa rahisi kukubalika zote. Mtu akijibu "5" ameshajianika, basi atapunguza moja. Weka angalau mbili zinazopingana. Na watu mia mbili hawatoshi, maana wastani utayumba mno. Andaa elfu na kuendelea.

Kijiti
Hapo Bi Rula kanena. Naongeza kitu ambacho wote mmekiruka: kundi likichekwa, nani atakasirika? Wanasaikolojia Charlesworth na Banaji walifuatilia vipimo vya 2007 hadi 2016. Kwa maelezo ya watu wenyewe, chuki zote sita walizozipima zilipungua. Katika vipimo vya hisia za ndani, ambazo mtu hazitamki, chuki ya rangi ilishuka, ya uzee na ulemavu karibu ikasimama palepale, na ya unene ikaongezeka. Wanene wengi wanaidharau miili yao wenyewe na wanahesabu siku za kutoka kwenye kundi. Kundi ambalo wanachama wake wanataka kuhama halijengi chama cha kudai haki. Jimbo la Michigan huko Marekani lilipiga marufuku kubagua kazini kwa uzito kwa sheria ya 1976, na mfano huo haukusambaa haraka.

Dawa yangu ni ya ofisini. Kabla ya usaili, andika vigezo vitano, kila kimoja alama 0 hadi 4. Kila msaili ajaze peke yake kabla ya kuzungumza na wenzake. Anayetaka "damu mpya" aandike ni kazi gani hasa itakayofanywa na hiyo damu.

Bi Rula
Sawa, ila soma kigezo cha tano kwenye fomu nyingi: "ataendana na timu". Alama za lafudhi, umri na unene huhamia hapo zote, na jumla inatoka safi. Kifute hicho, au mlazimishe msaili ataje kitendo alichokiona.