Toyota Aqua: 54 + 45 mbona inakuwa 73?

Swali: Wakuu, injini ya Aqua ya toleo la kwanza (haibridi, lita 1.5) ina kW 54, mota ya umeme kW 45. Kwa nini jumla inaandikwa kW 73, siyo 99?

Fundi Spana: Mkuu, umeme wa mota hiyo unatoka kwenye betri na kwenye injini yenyewe. Humo ndani kuna gia za sayari: injini inazungusha kibebeo (fremu inayoshika gia ndogo), gia ya kati (meno 30) imeshika mota ndogo MG1, ringi ya nje (meno 78) inakwenda kwenye matairi. Asilimia 72 ya toki (nguvu ya kuzungusha) ya injini inapita ringi moja kwa moja, 28 inaenda MG1, ambayo inafua umeme wa kuilisha MG2, yaani ile mota kubwa ya kW 45. Kwa hiyo nyongeza halisi ni ya betri tu, kama kW 19.

Mzee wa Gereji: Ndiyo maana betri ikichoka gari linakuwa zito mlimani. Safisha kichujio cha feni ya kupoza betri, pembeni ya siti ya nyuma. Kwenye foleni usiweke N (gia huru), betri haichaji. Na oili ya gia ni ATF WS (aina ya oili ya gia za otomatiki ya Toyota). Wanaoweka ya CVT (gia za mkanda) wanakosea, gia ya Aqua haina mkanda.