Naomba ushauri: kutunza mbegu za asili za mahindi, maharage, nyanya na maboga

Jembe Jipya: Habari wakuu. Nataka kuacha kununua mbegu kila msimu. Mbegu zangu ni za asili, ila shamba la jirani lina mahindi chotara. Nianzie wapi?

Punje Kavu: Anza na maharage na nyanya, hizo hujichavusha zenyewe. Mtihani ni mahindi. Chavua yake hupeperushwa na upepo, na chotara wa jirani ataingia shambani kwako bila hodi. Tenga angalau mita 200. Huna nafasi? Pishaneni wiki 3 hadi 4, ila hesabu siku za kutoa mbelewele (maua dume ya kileleni mwa mhindi), si za kupanda, maana chotara wa muda mfupi anaweza kukukuta njiani.

Chagua mbegu mahindi yakiwa bado shambani. Ghalani utaona hindi kubwa tu, hutajua kama mmea wake ulianguka, uliugua au ulibahatika kwenye rutuba. Funga utepe kwenye mimea imara ya katikati, achana na mistari ya kingo. Chukua hindi mojamoja kwenye mimea 100 au zaidi, kisha changanya punje. Ukichagua mahindi matano mazuri tu, unazalisha ndugu kwa ndugu. Baada ya vizazi vichache mimea inadumaa.

Mama Kitalu: Nyanya ziive kabisa. Kamulia mbegu na maji yake kikombeni, acha kivulini siku 2 hadi 3. Ule ute huzuia kuota, ukichachuka unaachia. Ukizidisha siku, mbegu zinaotea humohumo. Suuza, mwaga zinazoelea, anika kwenye sahani (karatasi inagandia).

Maboga: jioni funga kwa uzi ua dume na ua jike yanayotarajiwa kuchanua kesho. Asubuhi fungua, paka chavua, funga tena jike, weka alama kwenye kikonyo.

Jembe Jipya: Asanteni. Na fukusi? Nimeambiwa niweke mbegu kwenye friza.

Punje Kavu: Sawa, lakini zikauke kwanza. Mbegu yenye unyevu ikiganda, kiini kinakufa. Gonga harage kwa nyundo: likivunjika vipande liko tayari, likibonyea bado. Mahindi, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri dakika 10 hadi 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudi ukaanike. Friza wiki moja ndani ya chupa iliyofungwa, na ukiitoa usifungue mpaka ipoteze ubaridi, la sivyo mbegu zinalowa upya.

Shamba Darasa: Naongeza moja. Usingʼoe kila mmea usiofanana na wenzake. Mvua zinavyoyumba, huo utofauti ndio unaokupa mimea ya kuhimili ukame. Magonjwa tu ndiyo usiyavumilie. Na usipande akiba yote, bakiza ya msimu mmoja. Kabla ya kupanda, viringisha mbegu 50 kwenye kitambaa kibichi kwa wiki moja. Zikiota chini ya 40, ongeza mbegu kwa kila shimo.