Fimbo ya mzeituni mwitu imepasuka, nimekosea wapi?

Mkwe_Mpya: Wakuu, salaam. Mwezi wa nne nilikuwa Monduli kwa wakwe, nikakata tawi la oloirien, yaani mzeituni mwitu, nimtengenezee baba mkwe fimbo. Limenyooka kama mshale. Siku hiyo hiyo nikalimenya ganda, nikalianika juu ya bati likauke upesi. Wiki mbili tu, ufa wa shubiri nzima kuanzia kichwani. Mzee kaiangalia, kaguna, kaendelea na chai yake.

MchungajiMbuzi: (Wa mbuzi kweli, si wa kanisa.) Mkuu, umekosea kila mahali. Masika mti umejaa maji, kata kiangazi. Halafu ganda ungeliacha. Maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha, ncha zinasinyaa kabla ya katikati, ufa unaanzia hapo. Acha kiganja cha ziada kila upande, paka ncha mafuta ya kondoo, weka kivulini. Zetu bibi alizichomeka darini juu ya mafiga, moshi ukazikausha taratibu miezi miwili mitatu. Penye kombo, fukia kwenye majivu ya moto mpaka pasishikike, bana kwenye panda ya mti, ukunje kupita kidogo pale unapotaka, maana itarudi. Kumenya ni baadaye: kisu kwanza, kisha kigae cha chupa. Kigae kinakwangua kuliko msasa wowote wa dukani.

Binti_Tanga: Mimi naishi Cumbria, Uingereza. Fimbo za wachungaji wa huku zina ndoana kama bakora. Kichwa ni pembe ya kondoo dume, inalainishwa kwa moto na kubanwa kwenye jiliwa. Mpini ni mti wa heizeli, unakatwa wakati wa baridi na kusubiri mwaka au zaidi. Ndoana nyembamba ni ya kunasa mguu, pana ni ya shingo.

Mkwe_Mpya: Mbona zetu hazina ndoana?

MchungajiMbuzi: Mbuzi tunamdaka mguu kwa mkono. Fimbo ni ya kuelekezea, kuegemea umesimama mguu mmoja, au kuilaza mabegani ukaning'iniza mikono. Kwa hiyo unyoofu ndio mzee atakaoukagua. Hiyo yako kata shubiri iliyopasuka, mpe mtoto wa hapo bomani achungie ndama. Ya mzee rudi ukakate mwezi wa nane.

Mkwe_Mpya: Na bati?

MchungajiMbuzi: Bati anika mahindi.