Kwa nini vifo vya watoto wachanga vinapungua polepole kuliko vya watoto wakubwa?

Nasra_Tanga: Ndugu wanajukwaa, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 unaonyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 nchini Tanzania vimeshuka hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000, ilhali mwaka 1999 vilikuwa 147. Vifo vya mwezi wa kwanza vimetoka 40 hadi 24 tu, na tangu mwaka 2010, vilipokuwa 26, havijasogea sana. Kikwazo ni nini, na ni wajawazito gani wa kuangaliwa kwa karibu?

Mkunga wa Zamu: Dada Nasra, chanjo na vyandarua huwakinga watoto waliokwisha kuvuka mwezi huo, lakini anayezaliwa saa nane za usiku hutegemea mkunga aliye zamu saa hiyo, ambaye pengine anahudumia wazazi kadhaa peke yake. Takwimu ulizotaja, tena, haziwahesabu watoto wanaozaliwa wafu. Miongoni mwao, yule ambaye ngozi yake haijaanza kubabuka mara nyingi amefariki uchungu ukiwa umeshaanza, na huyo ndiye anayeniuma zaidi, kwa kuwa mapigo ya moyo wake yangesikilizwa kila nusu saa, huenda uchungu pingamizi, yaani mtoto kukwama njiani, ungegunduliwa na mama yake akawahishwa kwenye upasuaji.

Tabibu_Mstaafu: Kuhusu swali la pili, waangaliwe wenye shinikizo la damu na dalili za kifafa cha mimba, wenye mapacha, wenye upungufu wa damu, kisukari, malaria au kaswende (ambayo hutibika kwa sindano ya penisilini, mradi mama apimwe mapema), pamoja na waliowahi kupoteza mtoto. Hata hivyo, wapo wengi wanaopoteza watoto bila kuwa na dalili yoyote ya hatari kliniki, kwa hiyo kuchagua wachache wa kuangaliwa hakutoshi.

Nasra_Tanga: Ahsante, mzee wangu. Je, kuna mahali ambapo hali imebadilika?

Mkunga wa Zamu: Ndiyo. Katika hospitali na vituo vya afya 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, hasa ya kumsaidia mtoto kupumua ndani ya dakika ya kwanza, wakiwa na vifaa bora vya kufuatilia mapigo ya moyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40.